Pumzi ya upande mmoja: historia ya kuogelea kwa mtindo huru na somo lake kwa vijana wa maziwa yetu

Utangulizi

Katika vitabu vya mila kama hiki, tumezoea kusoma juu ya mahari, ngoma, majina ya watoto, kilio na namna ya kuzika wafu. Ni vizuri, na inafaa iendelee. Lakini kuna mila ingine ambayo haiandikwi mara nyingi, nayo ni mila ya mwili: namna watu wanabeba mizigo, wanalima, wanapiga kafi, wanaogelea. Mwili nao uko na historia yake. Mtoto hazaliwi akijua kushika jembe; anaona wakubwa, anafuata, na kile alichofuata miaka kumi kinabaki ndani ya mifupa yake mpaka uzee.

Sisi tumechagua kitu kidogo sana ndani ya mila hiyo: upande ambao mtu anageuza kichwa ili avute pumzi wakati anaogelea kwa mtindo huru, ule tunaoita kroli kwa kufuata Kifaransa. Msomaji mwingine atacheka: "Hii nayo ni habari ya kuandika ndani ya kitabu?" Tunajibu ndiyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mwili: mtu anayepumua upande mmoja tu, mwaka kwa mwaka, anaweza kujenga mwili usiolingana, na bega lake linaweza kulipa deni hilo. Ya pili ni ya historia. Kwenye fukwe za maziwa yetu tunasikia vijana wakisema: "Kuogelea vile ni mambo ya bazungu." Tutaonyesha kwamba neno hilo si la kweli, na kwamba uongo huo una hasara.

1. Mtindo huru ni kitu gani?

Shirikisho la dunia la kuogelea lilianzishwa London mwaka 1908 kwa jina la FINA. Tangu mwaka 2023 linaitwa World Aquatics. Katika sheria zake, "mtindo huru" maana yake ni kwamba mwogeleaji anachagua mwenyewe namna ya kuogelea. Lakini kwa sababu kroli ndiyo inakimbia kupita zingine zote, kila mtu anachagua kroli. Njo maana majina haya mawili yamekuwa kama jina moja.

Katika kroli mtu analala kifudifudi, uso ndani ya maji. Mkono mmoja unaenda mbele juu ya maji, mwingine unavuta maji chini ya mwili kuelekea nyuma, kiisha inabadilishana. Miguu inapiga juu na chini. Sasa tuangalie pumzi. Katika mtindo wa chura, mikono yote miwili inafanya kazi pamoja, uso unatoka mbele, na hakuna swali la upande. Katika mtindo wa kipepeo ni vilevile kwa watu wengi. Anayeogelea mgongo chini, uso wake uko hewani wakati wote. Ni katika kroli peke yake ambamo mtu analazimishwa kuchagua: kuume ao kushoto? Kwa hiyo historia ya kroli ni pia historia ya uchaguzi huo.

2. Wakati Ulaya ilikuwa inaogelea kama chura

Kwa muda wa miaka mingi, watu wa Ulaya waliojua kuogelea walifuata mtindo wa chura, kichwa juu ya maji. Hata mwaka 1875, wakati kapiteni Matthew Webb alikuwa mtu wa kwanza kuvuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa kuogelea bila msaada, alitumia mtindo huo. Alibaki ndani ya maji masaa 21 na dakika 45.

Katika karne ya 19, Waingereza walipenda pia mtindo wa ubavu. Mtu analala upande mmoja, anavuta maji, miguu inafunguka na kufunga kama makasi. Tuangalie vizuri: mtindo huo ni wa upande mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliyezoea ubavu wa kuume anabaki ubavu wa kuume. Tutaona kwamba tabia hiyo haikufa. Iliingia ndani ya kroli na kukaa humo.

Wakati huohuo, inje ya Ulaya mambo yalikuwa mengine. Mfanyabiashara wa Uholanzi Pieter de Marees alitoa kitabu mwaka 1602 juu ya pwani ambayo leo ni Ghana. Aliwasifu watu wa kule kwa kuogelea na kwa kupiga mbizi. Mbele ya hapo, katika karne ya 16, Wahispania walikuwa wamekwisha kuona ufundi huo, wakautumia vibaya: walichukua Waafrika watumwa na kuwapiga mbizi kwa kutafuta lulu kwenye pwani ya Venezuela. Mwanahistoria Kevin Dawson wa Marekani alikusanya habari nyingi za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya utamaduni wa maji wa Waafrika. Anaonyesha kwamba wasafiri wa Ulaya, ambao wengi wao hawakujua kuogelea hata kidogo, walishangaa kuona Waafrika wakienda kwa kutupa mkono mmoja kiisha mwingine. Kumbe mabaharia wa merikebu kubwa walikuwa wanaogopa maji ambamo watoto wa Afrika walikuwa wanacheza!

3. Ushuhuda wa George Catlin

Mchoraji Mmarekani George Catlin alitembelea Wamandan, watu wa asili wa mto Missouri, mwaka 1832. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1841 aliandika namna wanaogelea, na maandiko hayo yanagusa kabisa habari yetu. Anaeleza kwamba Mmandan hasukumi mikono miwili pamoja kama Mzungu. Anatupa mwili wake mara upande wa kushoto, mara upande wa kuume. Mkono mmoja unatoka wote juu ya maji na kwenda mbele, wakati ule mwingine unapita chini ya mwili sawa kafi. Catlin aliona kwamba namna hiyo inaondoa taabu ya kifua na ya mgongo.

Tusome tena taratibu: mara kushoto, mara kuume. Huyu mchoraji hakuwa mwalimu wa spoti wala daktari. Lakini aliona kwa macho yake kwamba nguvu ya mtindo ule inatoka katika kubadilisha pande, na kwamba mwili unaogawanya kazi hauchoki upesi.

Mwaka 1844, watu wawili wa kabila la Waojibwa, waliokuwa wameletwa Uingereza kwa maonyesho, walishindana katika bwawa moja la London. Kwa Kiingereza waliitwa Flying Gull na Tobacco. Flying Gull alishinda. Walivuka bwawa la futi 130, ni kusema karibu mita 40, chini ya nusu dakika. Waingereza waliona mbio hiyo, lakini gazeti liliandika kwa dharau kwamba wanapiga maji kwa fujo, mikono sawa mabawa ya kinu cha upepo, na kwamba hiyo si desturi ya Ulaya. Basi waliona ufundi, wakauacha, wakarudi kwa chura na kwa ubavu. Ilipita miaka karibu 30 bila wao kujifunza.

Hapo tunasema kwamba historia nayo ilikuwa inapumua upande mmoja. Uso uligeuzwa kwa Ulaya tu, na upande mwingine ulibaki ndani ya maji.

4. Kutoka Trudgen mpaka Tarzan

Mwaka 1873 Mwingereza John Arthur Trudgen alishinda mashindano London kwa mtindo ambao aliuona kwa watu wa asili wa Amerika ya Kusini alipokuwa kijana Argentina. Mikono yake ilitoka juu ya maji kwa zamu, lakini miguu ilibaki ya mtindo wa ubavu, ile ya makasi. Mtindo huo uliitwa "trudgen". Ulikuwa mchanganyiko: mikono ya pande mbili, miguu ya upande mmoja. Mwili uliviringika sana upande ule ambao makasi yanafunguka, na pumzi ilichukuliwa upande uleule.

Kiisha inakuja zamu ya bahari ya Pasifiki. Alick Wickham alizaliwa mwaka 1886 katika visiwa vya Solomon. Mama yake alikuwa mtu wa kule Roviana. Alipelekwa Sydney, Australia, kwa ajili ya masomo. Huko watu walimwona akiogelea kwa mikono ya haraka na miguu inayopiga juu na chini, sawa vijana wote wa kwao walivyofanya. Ndugu wa jamaa ya Cavill, waogeleaji wa Sydney, nao waliendeleza mtindo huo. Mwaka 1902 Richmond Cavill aliogelea yadi 100 chini ya dakika moja. Dunia ikauita "kroli ya Australia". Jina la visiwa vya Solomon halikuandikwa.

Vilevile Duke Kahanamoku, mzaliwa wa Hawaii, alishinda mita 100 katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, akarudia tena Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1920. Yeye pia alikuwa amejifunza baharini kwao. Aliyemshinda Paris mwaka 1924 ni Johnny Weissmuller, Mmarekani, ambaye mwaka 1922 alikuwa mtu wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja: sekunde 58 na nukta 6.

Na huyu Weissmuller tunamjua, hata kama hatujui kwamba tunamjua. Ndiye aliyecheza Tarzan katika filamu 12, kuanzia mwaka 1932 mpaka 1948. Filamu zile ziliizunguka dunia nzima. Ndani yake Mzungu mmoja, mfalme wa pori la Afrika, anakata mito kwa kroli nzuri, wakati Waafrika wanasimama kando na kuogopa. Tuone namna mambo yalivyogeuzwa: mtindo ambao mizizi yake ni kwa watu wa Amerika, wa Pasifiki na wa Afrika, unarudi kwenye pori la Afrika juu ya mwili wa Mzungu, na Mwafrika anaambiwa kwamba hajui. Na katika miji yetu ya wakati wa Wabelgiji, pisine nyingi zilikuwa za Wazungu peke yao. Je, ni ajabu kama kijana wa leo anasema "ni mambo ya bazungu"?

Kwa hiyo ni vizuri tuweke majina mengine kando ya lile la Tarzan. Mwaka 2000 huko Sydney, Éric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake, kwa sababu wenzake wawili walitolewa kwa kuanza kabla ya wakati. Alikuwa amejifunza kwa miezi michache tu, na alitumia dakika 1 na sekunde 52. Watu wengine walimcheka. Wengi zaidi walisimama kumpigia makofi. Miaka minane nyuma yake, Oussama Mellouli wa Tunisia alishinda mita 1500 mtindo huru huko Beijing. Na Ahmed Hafnaoui, naye wa Tunisia, alishinda mita 400 kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Maji hayaangalii rangi ya ngozi; yanaangalia mazoezi.

5. Namna gani upande mmoja ulikuwa sheria

Katika miaka ya kwanza, watu walifikiri kroli ni ya mbio fupi tu. Shida ilikuwa pumzi: mtu alikuwa anafunga hewa kifuani, anapiga mikono kwa nguvu zote, anafika amechoka kabisa. Wakati waogeleaji walijifunza kutoa hewa ndani ya maji na kuvuta ingine kwa kugeuza uso kidogo, njia ndefu ilifunguka. Tarehe 6 Agosti 1926, Gertrude Ederle, msichana wa Marekani, alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka mlango wa bahari wa Uingereza, na aliogelea kroli. Alitumia masaa zaidi kidogo ya 14, kupita wanaume wote waliomtangulia.

Sasa hesabu ya pumzi ni hii. Kama mtu anavuta hewa kila mipigo miwili ya mikono, atageuka siku zote upande uleule, sababu baada ya mipigo miwili mkono uleule unarudi. Kama anavuta hewa kila mipigo mitatu, pande zitabadilishana zenyewe. Lakini katika mipigo 20, wa kwanza atapata hewa mara 10, wa pili mara 6 ao 7. Hewa imepunguka kwa karibu theluthi moja. Njo maana washindani wengi wanachagua mipigo miwili, na kwa kuchagua mipigo miwili wanachagua upande mmoja. Haikuwa ujinga, ilikuwa haja ya hewa.

Tuseme ukweli wote. Kuna mabingwa wakubwa wanaopumua karibu siku zote upande mmoja. Katie Ledecky wa Marekani, aliyeshinda mita 800 katika Olimpiki nne mfululizo, kutoka 2012 mpaka 2024, anageuza kichwa zaidi upande wa kuume. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba upande mmoja unamzuia mtu kushinda. Lakini bingwa wa namna hiyo iko na mwalimu anayemwangalia kila siku, iko na mazoezi ya inje ya maji yanayorudisha usawa, iko na mtu wa kutunza mabega yake. Kijana wetu wa ziwa hana vile vyote. Hawezi kuiga nusu ya maisha ya bingwa na kuacha nusu ingine.

6. Mwili unalipa namna gani?

Tufanye hesabu kama darasani. Mtu anaogelea kilometa 2 katika pisine ya mita 25. Ni safari 80. Kila safari tuseme mipigo 20. Jumla ni mipigo 1,600, na kama anavuta hewa kila mipigo miwili, anageuza shingo mara 800. Akifanya hivyo siku nne kwa juma, ni mara 3,200. Kwa majuma 40 ya mwaka, ni mara 128,000. Zote upande mmoja! Nani anaweza kugeuza shingo mara 128,000 kuume bila hata moja kushoto, na kufikiri kwamba mwili hautaandika?

Tuchukue mtu anayepumua kuume. Mwili wake unaviringika vizuri upande wa kuume, sababu lazima mdomo ufike hewani. Upande wa kushoto hauviringiki vya kutosha. Basi mkono wa kuume unatoka majini kwa urahisi, lakini ule wa kushoto unapaswa kuzunguka wakati bega lake liko chini, na kiungo kinabanwa. Tena, wakati uso uko hewani, mkono wa kushoto uko mbele ndani ya maji, na mwenye haraka ya hewa anauegemea. Badala ya kuvuta maji nyuma, anayasukuma chini ili kichwa kibaki juu. Wengine wanauleta mpaka ngʼambo ya katikati ya kichwa. Mkono unakuwa fimbo ya mzee, haukuwa tena kafi.

Kidogo kidogo, misuli inafuata kazi yake. Misuli mikubwa ya mgongo na ya kifua haifanyi kazi sawasawa pande zote mbili. Shingo inakuwa nyepesi upande mmoja na ngumu upande mwingine. Ile misuli midogo inayoshika kiungo cha bega mahali pake inachoka upande mmoja kabla ya upande wa pili. Mwaka 1974, madaktari wawili wa Kanada, Kennedy na Hawkins, waliandika juu ya maumivu haya na kuyapa jina la "bega la mwogeleaji". Upande wa pumzi si sababu peke yake: kuna mazoezi ya kupita kiasi, kuna mkono unaoingia vibaya, kuna kurudia mapema kabla ya kupona. Lakini mwili usiolingana unafungulia sababu zile zingine mlango.

7. Kafi, trimarani na mkono wa kuume

Sasa tuje kwetu, sababu wazee wetu hawakusoma maandiko ya Kanada, lakini walijua jambo hili kupitia mtumbwi.

Kwenye ziwa Kivu, wavuvi wa sambaza wanaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu. Ndiyo ile tunayoita trimarani. Jioni inatoka, asubuhi inarudi, na wapiga kafi wanaimba ili kafi zote zishuke pamoja. Kama watu wote wangepiga upande mmoja, mitumbwi ile ingezunguka fasi moja mpaka kuche. Ili kwenda mbele, inafaa kuume na kushoto. Mtu peke yake ndani ya mtumbwi naye anajua: anapiga upande huu, kiisha anahamisha kafi, ao anageuza kafi ndani ya maji ili kurekebisha njia. Hata asipojua kusoma, anajua kwamba nguvu ya upande mmoja inapotosha safari.

Mwogeleaji ni mtumbwi bila mbao. Catlin alipofananisha mkono wa Mmandan na kafi, alisema neno ambalo mvuvi wa Idjwi ao wa Kalemie angelielewa bila mkalimani.

Lakini mila yetu iko pia na upande mwingine. Katika jamaa zetu nyingi, mtoto akinyoosha mkono wa kushoto kupokea chakula anagombezwa: "Pokea na mkono ya kuume!" Ni heshima, na hatuji hapa kuipiga vita. Heshima ya mezani na ya salamu ibaki mezani na kwenye salamu. Ila tusiipeleke kwenye maji. Ndani ya maji mkono wa kushoto hautukani mtu. Mtoto anayeficha kushoto kwake kwa kila kazi anafika ziwani akiwa nusu mtu, na ni hapo anageuza kichwa kuume peke yake bila hata kufikiri.

8. Ziwani hakuna mstari chini

Katika pisine kuna mstari mweusi chini, na ukuta uko karibu. Ziwani hakuna. Anayevuta kwa nguvu zaidi upande mmoja anapinda njia bila kujua. Anafikiri anaenda ufukweni, kumbe anaandamana na ufuko, ao anatoka kati. Tena kuna mawimbi. Upepo ukitoka upande wa kuume, na yeye hajui kupumua ila kuume, kila akifungua mdomo anakunywa maji. Anayejua pande zote mbili anageuza uso tu upande wa pili, na maisha yanaendelea. Vilevile kwa kuona: mtumbwi wa moteri unaweza kutoka kushoto, na yeye miaka yote anaangalia kuume.

Hapo tunaona kwamba si habari ya medali. Mwezi wa 10 mwaka 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni, na wengi sana walikufa. Hatusemi kwamba kroli ingewaokoa wote. Mashua iliyojazwa kupita kiasi na kukosa majaketi ya kuokolea ni makosa ambayo kuogelea hakuyaondoi. Lakini watu wanaoishi kando ya maji na hawajui maji wako katika hatari kila siku, na kusema "ni mambo ya bazungu" ni kuongeza hatari hiyo kwa mkono wetu wenyewe.

Kwa walimu na wazazi, tunapendekeza mambo haya, ambayo hayaombi feza:

Kwanza, mtoto ajifunze pumzi kabla ya mikono. Asimame fasi maji yanafika kifuani, aweke uso ndani, atoe hewa puani na mdomoni, ageuze uso kuume na kuvuta. Mara ya pili ageuze kushoto. Afanye hivyo mpaka pande zote mbili ziwe sawa kwake.

Pili, akianza kuogelea, avute hewa kila mipigo mitatu katika mwendo wa polepole. Kama hewa haitoshi, afanye mipigo miwili kuume kwa kwenda, na mipigo miwili kushoto kwa kurudi. Hivi anapata hewa yote na usawa wote. Kwa mwanzo upande mgeni utakuwa mchungu, atakunywa maji kidogo. Ni kawaida, haikatazi.

Tatu, kichwa kisiinuliwe, kigeuzwe pamoja na mwili. Jicho moja na shavu moja vibaki majini.

Ine, bega likiuma, apumzike. Maumivu yanayorudi kila siku upande uleule si uvivu. Ni mwili unasema. Na kwenye kilimo na kubeba maji nako, abadilishe upande.

Tano, asiogelee peke yake, na aulize wenyeji fasi gani ni salama. Kwenye ziwa Tanganyika kuna mamba. Kwenye pwani ya kaskazini ya ziwa Kivu kuna fasi ambako hewa mbaya ya mazuku inatoka ardhini na kukaa chini, na hapo hata bingwa wa Olimpiki hatapona.

Mwisho

Tumeona kwamba kroli haikuzaliwa Ulaya. Watu wa Missouri, wa Solomon, wa Hawaii na wa pwani za Afrika waliijua mbele, na Catlin aliandika kwamba nguvu yake ilikuwa katika kutupa mwili mara kushoto, mara kuume. Ulaya iliidharau mwaka 1844, ikaipokea mwaka 1873 pamoja na miguu yake ya ubavu, kiisha ikairudisha kwetu katika sinema kama mali yake. Na katika mashindano ya kisasa, haja ya hewa iliwafunga wengi upande mmoja, mpaka mabega yakalia.

Kwa hiyo kijana wa Bukavu, wa Uvira ao wa Kalemie anayejifunza kuvuta pumzi pande zote mbili haigi mtu. Anarudisha nyumbani kitu ambacho kilikuwa cha mababu wa watu wengi, na anajilinda mwenyewe. Wazee walio na ufundi wa maji, wavuvi na wapiga kafi, bado wako. Waombwe kufundisha sasa, wakati mabega yao yangali na nguvu. Shule zilizo karibu na ziwa nazo ziweke saa moja kwa juma kwa ajili ya maji, pamoja na mtu mzima wa kulinda. Tukifanya hivyo, kitabu kingine cha mila, siku moja, kitaandika kuogelea kati ya mambo yetu, bila mtu kuuliza juu ya nini.